Chumvi, Mawe na Waya: Vyombo vya Habari Kwenye Meza ya Fundi Tanga

Redio ikiletwa mezani Ngamiani, Tanga, na mwenyewe akasema, "Fundi, imezima ghafla," usimbishie. Fungua kwanza. Ukivua kifuniko cha mawe utakuta springi ya upande wa hasi imevaa kutu ya kijani, na ule waya mwembamba uliolehemiwa hapo umeliwa ndani kwa ndani, ukiuvuta unabaki mkononi. Redio hiyo ilikuwa ikifa tangu kusi iliyopita, ila kwa kuwa bado ilikuwa inaimba, hakuna aliyeijulia hali.

Wanaoandika historia ya vyombo vya habari huuliza nani alibuni nini na mwaka gani. Fundi wa pwani ana swali jingine: chombo kilichobuniwa kwa ajili ya nchi kavu na umeme usiokatika, kinaishije Tanga, penye upepo wa chumvi, unyevu wa masika na umeme wa kuja na kuondoka? Sehemu ya ubunifu hufika ikiwa ndani ya boksi. Sehemu iliyobaki hufanyika hapa hapa, kwa bisibisi na koleo, na ndiyo inayoamua kama chombo kitadumu mwaka mmoja au kumi.

Tuanze na hiyo kutu. Mawe ya kawaida, yale ya zinki na kaboni, yakivuja hutoa uchachu, na dawa yake ni magadi. Koroga kijiko kimoja cha chai katika robo kikombe cha maji, chovya mswaki wa zamani, sugua mpaka povu liishe, futa kwa maji kidogo, malizia kwa pamba yenye spiriti, kisha acha ikauke kabisa. Mawe ya alkalaini, yale ya bei kubwa, yakivuja huacha unga mweupe ambao tabia yake ni kinyume: hapo ndipo ndimu au siki inapofaa. Wanafunzi wengi wa ufundi hukariri kwamba ndimu inaondoa kutu, wakaipaka kila mahali. Kwenye mawe ya zinki wanakuwa wameongeza uchachu juu ya uchachu. Na hata pale ndimu inapofaa, ukiiacha bila kuifuta itakula chuma yenyewe. Baada ya kusafisha, kata waya sentimita 2 nyuma ya palipoliwa. Ukiona shaba ni nyeusi, kata tena, maana lehemu haishiki shaba nyeusi. Itakaa juu kama tone la nta na kuachia wiki ijayo.

Kuhusu kuanika mawe juani: si uzushi. Joto huharakisha kemikali iliyobaki, na jiwe lililochoka hupata nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Lakini kopo la zinki ndilo linalotumika kutoa umeme, kwa hiyo jiwe lililochoka kopo lake limeshakuwa jembamba. Joto linalimalizia, nalo linavujia kwenye springi ile ile. Kosa baya zaidi ni kuchanganya mawe mawili mapya na mawili ya zamani. Mapya husukuma umeme kupitia yaliyokwisha, na hayo ndiyo hupasuka. Badilisha yote manne, au vumilia yote manne.

Habari hii ya mawe si ndogo. Redio za valvu, zile taa za kioo zilizotangulia transista, zikitumia betri zilihitaji takriban volti 90 kwa ajili ya valvu, na volti 1.5 nyingine kwa ajili ya nyuzi zake za moto. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, Harry Franklin, ofisa wa habari wa serikali ya huko, alishawishi kiwanda cha Uingereza kutengeneza redio ndogo ya masafa mafupi kwa wasikilizaji wa kawaida. Kasha lake lilitokana na umbo la sufuria, likapakwa rangi ya buluu, nayo ikaitwa Saucepan Special. Iliuzwa paundi 5, lakini betri yake kubwa iliuzwa kando. Hapo ndipo penye somo: bei ya chombo humwuma mtu siku moja, bei ya kukilisha humwuma kila mwezi. Tanganyika ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 kwa kituo cha Dar es Salaam, na kwa miaka ya mwanzo redio ilikuwa ya mwenye uwezo wa betri.

Transista ndiyo iliyogeuza mambo. Redio ya kwanza ya transista iliingia sokoni Marekani mwaka 1954. Transista haihitaji volti 90 wala nyuzi za moto, inatosheka na mawe manne ya volti 1.5, yaani volti 6. Mwaka 1966 Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, kikatoa redio za National na mawe yake pia. Tunaona kuweka redio na mawe pamoja lilikuwa jambo la busara kuliko umahiri wowote wa sakiti. Redio isiyo na duka la mawe karibu ni pambo la kabati.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Watu wakiieleza leo huitaja redio peke yake. Kilichoifanya ishike ni vitu vitatu pamoja: kipindi hewani, kitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kabla. Ukikosa matangazo kwa sababu mawe yamelala, kitabu kipo. Msomaji akikosekana, redio ipo. Anayepanga mradi wa habari kijijini Pangani au Mkinga na akategemea njia moja tu, anajenga banda la nguzo moja.

Tatizo la hali ya hewa pia ni la zamani kuliko redio. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Kijerumani hapa Tanga ilichapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Roli za kupakia wino za enzi zile kwa kawaida zilitengenezwa kwa gundi na molasi au gliserini, vitu vinavyolainika kwenye joto na kunyonya unyevu. Mchapaji yeyote wa pwani wa zama hizo alilazimika kulijua hilo kabla ya kujua kupanga herufi.

Televisheni ilifika pwani kwa mlango wa nyuma. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Bara haikuwa na kituo hadi mwaka 1994. Kwa hiyo watu wa Bagamoyo na Dar es Salaam waliinua antena zao kuelekea Unguja. Hesabu yake ni rahisi, na bado inatumika kwa redio za FM: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita za upeo wa mawimbi. Fanya hivyo kwa mnara wa kurushia na kwa antena ya kupokelea, kisha jumlisha. Mnara wa mita 100 unatoa kilomita 41. Antena ya nyumbani iliyo mita 9 juu inatoa 12. Jumla kilomita 53. Bahari ya katikati haina kilima wala ghorofa, na hilo ni jema. Ubaya wake ni mnazi. Waliofunga antena juu ya mnazi kwa kukwepa gharama ya bomba walipata picha nzuri asubuhi, na picha ya kucheza chakacha alasiri upepo ukivuma.

Kaseti tutaikalia kidogo, maana ndiyo iliyompa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi mwenyewe. Philips waliitoa mwaka 1963. Mkanda hupita kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo upande mmoja wa dakika 30 ni kama mita 86 za mkanda. Ili kaseti ya dakika 90 ienee kwenye kasha lile lile, mkanda hufanywa mwembamba: kama maikroni 12 badala ya 18. Ya dakika 120 ni maikroni 9, na hiyo ndiyo inayoliwa na mashine. Waliokuwa wakirekodi taarab harusini au mawaidha msikitini walipenda kaseti ndefu ili wasigeuze upande katikati. Waliotaka rekodi idumu walichukua ya dakika 60 na kukubali usumbufu. Barua za kaseti zilizokwenda kwa ndugu Oman na kurudi nyingine zilikuwa za dakika 60, na huenda ndiyo maana bado zinasikika.

Kaseti ikilia kama imefunikwa blanketi, mambo ni matatu, na yafuate kwa utaratibu huu. Kwanza hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda: safisha kwa pamba na spiriti, pamoja na kile kigurudumu cha mpira kinachobana mkanda, hadi pamba itoke nyeupe. Pili skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi, ile yenye springi. Weka kaseti ya kiwandani unayoijua, izungushe skrubu robo robo mpaka matoazi yasikike makali kabisa, kisha itie tone la rangi ya kucha isilegee. Wengi huiruka hatua hii, wakamwuzia mteja hedi mpya asiyoihitaji. Tatu mkanda wa mpira wa mota. Joto huulegeza, na wimbo huanza kuyumba kama mlevi. Mafundi walikata mviringo kwenye tyubu ya baiskeli. Ilifanya kazi, lakini tyubu haina unene sawa pande zote, na kila unene ukipita kwenye mota sauti hupanda. Kwa redio ya kusikilizia habari haidhuru. Kwa mashine ya kunakilia ni haramu, maana myumbo unabaki kwenye kaseti zote utakazouza. Bora kutoa mkanda kwenye mashine iliyokufa.

Kunakili nako kuna hesabu yake. Kila nakala huongeza mvumo juu ya mvumo wa ile iliyonakiliwa. Nakala ya kwanza ni safi, ya pili inavumilika, ya nne ni bahari. Duka la kaseti lililojua kazi lilikuwa na kaseti mama isiyotoka nje ya mlango, vitufe vyake viwili vya plastiki vya mgongoni vimevunjwa ili isifutwe kwa bahati mbaya. Ukitaka kuifuta siku moja, unaziba tundu kwa selotepu. Adui wa kaseti mama Tanga si mwizi, ni ukungu: madoa meupe kwenye ukingo wa mkanda. Ukiyaona usiichezeshe, utaupeleka ukungu kwenye hedi na kaseti zinazofuata. Fungua kasha, anika kivulini penye upepo siku mbili, kisha izungushe yote kwa kalamu mbele na nyuma huku umeishikiza kitambaa kikavu.

Vibanda vya video tusiviongelee sana. Vilikuwa na mambo yake ya tiketi na ya wazazi. Kwa ufundi kuna mawili tu. Hedi ya video haisafishwi kwa pamba kama ya kaseti. Nyuzi za pamba hunasa kwenye ncha zake ndogo na kuzivunja. Tumia karatasi ngumu nyeupe yenye spiriti, ishike imetulia, zungusha pipa la hedi kwa mkono. Na kanda zilizotoka Marekani zilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC, wakati mashine zetu zilikuwa za PAL. Picha ilibingirika au kukosa rangi, na mashine nyingi nzima zilifunguliwa bure.

Vituo vya FM vilipoanza kuenea baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vya binafsi, na redio za jamii kama Pangani FM kufuata, kazi ilihama kutoka meza ya fundi kwenda juu ya mnara. Huko makosa yana bei kubwa. Masafa hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na kila kitu hupimwa kutokana nayo. Antena ya kawaida ya mikono miwili: gawanya 143 kwa masafa yako kwa megahezi, unapata urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 100 ni mita 1.43, kila mkono sentimita 71. Mabomba ni ya aluminiamu, lakini ukiyafunga kwa bolti za chuma cha kawaida umetengeneza betri: chumvi ndiyo maji yake, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Bolti ziwe za chuma kisichopata kutu, na uzipake grisi.

Kebo ndiyo inayoiba nguvu kimya kimya. Ukipandisha mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58 kutoka kwenye mtambo wa kurushia wa wati 100, kwenye antena zinafika kama 33; zilizobaki zimepasha joto kebo. Kwa RG-213, iliyo nene, zinafika kama 63. Tofauti ya bei ya kebo mbili hizo ni ndogo kuliko bei ya kuongeza mtambo, na bado watu hununua mtambo mkubwa na kebo ya bei poa. Nyingine ni kuchukua kebo ya televisheni ya omu 75 kwa sababu ipo dukani. Mtambo unataka omu 50.

Baada ya kufunga, pima kwa kipimo cha SWR mawimbi yanayogonga antena na kurudi mtamboni. Kipimo kikisoma 1.5, asilimia 4 ya nguvu inarudi, endelea na kazi. Kikisoma 2 ni asilimia 11, tafuta sababu. Kikifika 3, robo ya nguvu inarudi kwenye transista za mwisho: zima. Tanga sababu huwa ni maji kwenye konekta. Funga konekta kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta hadi iwe nyembamba, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike wa chini kama makuti ya paa. Juu yake weka tepu ya kawaida kuilinda na jua. Kisha acha kebo ining'inie kitanzi chini ya tundu la ukuta kabla ya kuingia chumbani, ili maji yadondokee nje. Kitanzi hicho hakigharimu kitu, na kukosekana kwake kumeshalowesha mitambo mingi.

Arthi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, ni taabu nyingine, hasa mji unaokaa juu ya miamba ya matumbawe. Mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, na fimbo moja ya mita 1.2 haitoshi. Chimba, jaza mkaa uliopondwa na udongo, weka fimbo tatu zilizoachana angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishe kwa shaba, pima. Lengo ni chini ya omu 10. Pima kiangazi, si masika. Masika kila arthi ni nzuri.

Na umeme. Mtambo wa wati 100 pamoja na kompyuta na mikisa hula kama wati 300. Betri ya volti 12 na saa-ampea 200 ina saa-wati 2,400, lakini ukitaka iishi usiishushe chini ya nusu, yaani volti 12.2 ikiwa imepumzika. Zinabaki 1,200, ondoa zinazopotea kwenye inverta, una saa tatu na nusu hivi. Vituo vinavyoua betri kila mwaka ni vile vinavyosema "tumalizie kipindi." Umeme wa gridi ukirudi, subiri dakika 5 kabla ya kuwasha, maana hurudi ukiwa umepanda.

Milima ya Usambara inafaa kwa mnara na kukera kwa usikivu. Antena iliyo mita 1,000 juu ya bahari ina upeo wa kilomita 130, ila bonde lililo nyuma ya kilele halisikii kitu, na wakazi wake hudhani mtangazaji anawabagua. Kaskazi ikitulia, jioni za joto, mawimbi huteleza juu ya bahari na stesheni za mbali huingia kwenye masafa yako. Usipande mnara siku hiyo. Subiri asubuhi.

Televisheni ya analogia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine kufuata kuanzia mwaka 2013, tulipoteza kitu ambacho wateja hawakijui jina: chenga. Zamani antena ikianza kupata kutu, picha iliingia chenga taratibu, ukawa na miezi ya kujiandaa. Picha ya king'amuzi ni safi hadi dakika ya mwisho, kisha inaganda. Kwa hiyo angalia kipimo cha ishara kwenye menyu kila mwanzo wa masika, hata kama picha ni nzuri.

Sasa meza imejaa memori kadi. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 hula kama megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 4 hubeba karibu saa 70, sawa na kaseti 70 za dakika 60. Redio ndogo za memori kadi na sabufa nyingi husoma mfumo wa kupanga mafaili wa FAT32 peke yake. Kadi ya gigabaiti 64 huja na exFAT, mteja akidhani redio imekufa. Nyingi hazifuati herufi za jina, hufuata mpangilio wa kuingizwa, hivyo mawaidha ya juzuu kumi yaingize moja moja kwa zamu, usiyabebe yote kwa mpigo. Kadi bandia hujitangaza gigabaiti 32 ilhali ina 4. Dawa yake ni kuijaza yote mbele ya muuzaji kisha kucheza faili la mwisho. Likigoma, mrudishie kabla hajahesabu pesa.